Mtoto Hasikii

Kasese, 9 Februari 2015

Kwa Madamu Elise,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni Olanya, yule mkufunzi mrefu wa chuo cha ualimu uliyekaa naye meza moja kwenye semina ya Januari. Wengine walikuwa wanachangamka kwa Kiingereza na Kikonzo, sisi wawili tukabaki tukitazama sahani zetu, mpaka uliponiuliza kwa Kiswahili kama chumvi iko upande wangu. Mungu akubariki kwa swali lile. Mimi ni Mwacholi niliyekulia kambini, mtoto wa askari, kwa hiyo utaniwia radhi: Kiswahili changu kina amri nyingi kuliko adabu.

Nina ombi. Mwanafunzi wangu mmoja, Bright, kijana wa mji wa Hima, anakuja kwenye shule yenu hapo Bwera kufanya mazoezi ya kufundisha darasa la kwanza. Kwao wanasema Kitooro. Kikonzo anakijua cha kununulia ndizi, na Kiswahili hata ndizi hakimpatii. Darasa lenyewe unalijua kuliko mimi, karibu nusu yake wamevuka mpaka kutoka Kongo tangu mwaka jana. Mwalimu mkuu amekubali ukae naye humo kama msaidizi. Najua ulifundisha Butembo miaka mingi, na kwamba cheti chako upande huu hakitambuliwi. Hilo si haki, na sina uwezo wa kulibadilisha. Ninachoweza ni kukuomba.

Niandikie unachokiona. Simu hapana, mtandao wa huko unarukia Kongo tukiwa katikati ya sentensi. Syahuka mwenye pikapu ya kahawa atatubebea barua. Hapa chuoni ninafundisha somo la haki na lugha darasani, kwamba hakuna mtoto wa kuachwa nje kwa sababu ya lugha aliyonyonya kwa mama yake. Nataka kujua kama somo hilo, likifika Bwera, linaweza kusimama kwa miguu yake.

Wako,
Olanya


Bwera, 24 Februari 2015

Mwalimu Olanya mpendwa,

Barua yako imefika ikinuka kahawa. Nimekubali. Kukaa nyumbani bila chaki mkononi kulikuwa kunanimaliza.

Watoto ni zaidi ya themanini, kwenye madawati ya watoto thelathini. Siku ya kwanza Bright aliinua chungwa akauliza ni nini. Wa hapa wakalitaja kwa Kikonzo. Wa Butembo wakalitaja kwa Kinande, ambacho ni ndugu wa tumbo moja na Kikonzo, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Wale wa Beni mjini wakapiga kelele: “Madamu, ile iko machungwa!” Bright akaandika yote ubaoni, akakosea, watoto wakacheka, naye akacheka. Si mtu mbaya. Lakini mimi naye hatuelewani. Ananiambia jambo kwa Kiingereza polepole sana, kana kwamba upole wake utanitafsiria. Mimi namjibu kwa Kiswahili. Kisha kila mmoja anarudi kwenye kazi yake akiwa hajui mwenzake alisema nini.

Kuna mtoto mmoja nataka kukueleza, kwa sababu ni wangu. Anaitwa Jeanine, ana miaka minane, ni binti wa marehemu dada yangu. Baba yake alikuwa mtu wa Bunia, nyumbani walisema Kiswahili tu, Kinande hakijui. Mlipuko wa bomu ulioondoka na nyumba yao na wazazi wake ulimkuta uani, akitwanga. Nilimpokea Desemba. Zamani alikuwa kasuku, ukimwambia neno moja anakurudishia kumi. Sasa hata nyumbani hujibu kwa neno moja, akinikodolea macho usoni. Darasani hasemi kabisa. Bright akiita jina lake haitiki, na watoto wameanza kusema, “Jeanine eko bubu.”

Mimi najua si bubu. Ana huzuni, na darasa linasema lugha asiyoijua. Wewe unayefundisha mambo haya, nifanye nini?

Elise


Kasese, 4 Machi 2015

Madamu Elise,

Pole sana kwa dada yako. Hukuniambia siku ile, nami sikuuliza.

Huyo mtoto amefungiwa mlango wa lugha, ndiyo maana amenyamaza. Nimewaona wengi. Mimi mwenyewe nilipohamishwa kutoka kambi ya Gulu kwenda Mbarara nilinyamaza muhula mzima, walimu wakaniita gogo. Fanya hivi. Kama anakaa mbele mwondoe, ubao unamtisha. Mkalishe nyuma kabisa, katikati ya wale wa Beni wanaosema Kiswahili, ajisikie yuko kwao. Asilazimishwe kujibu. Neno litatoka lenyewe likiwa tayari.

Juzi niliwasimulia wanafunzi wangu habari zake bila kutaja jina. Msichana mmoja alilia. Nikawaambia, hapo ndipo haki inapoanzia, kwenye mtoto mmoja anayenyamaza.

Olanya


Bwera, 17 Machi 2015

Mwalimu Olanya,

Leo naandika nikiwa na hasira, unisamehe mwandiko.

Nilimkalisha Jeanine nyuma kama ulivyoagiza. Wiki iliyofuata Bright akamtoa pale kwa wenzake, akamweka mbele kabisa, chini ya pua yake. Nikamrudisha. Akamtoa tena. Kisha akaanza mchezo ambao sijawahi kuuona kwa mwalimu yeyote. Anamshika mtoto kidevu, anamgeuza uso mpaka watazamane, ndipo anamsemesha, mdomo wazi kama anayemlisha uji. Wakati mwingine anapita nyuma yake anapaza sauti ghafla. Mtoto aliyetoka kwenye mabomu! Sasa watoto wote wanashikana videvu uwanjani na kucheka.

Jana nikamwendea mbele ya darasa. Nikasema, “Wacha huyo mutoto! Si mbuzi wa kukaguliwa meno.” Akatafuta maneno, jasho likamtoka, mwishowe akanijibu kwa Kiswahili, cha kwanza kukisikia kinywani mwake:

“Madamu, mtoto hii haisikii. Haisikii kabisa.”

Akanionyesha sikio lake, akatikisa kichwa.

Nilimwelewa vizuri. Mtoto mpole asiyeinua hata mkono, anaambiwa hasikii! Yatima anaitwa mkaidi na mgeni aliyekuja mwezi jana. Nilimchukua Jeanine nikatoka naye.

Uliniomba nikuandikie ninachokiona. Nimekuandikia.

Elise


Kasese, 21 Machi 2015

Madamu Elise,

Nimemwondoa.

Nilikuja Bwera Alhamisi lakini ulikuwa sokoni Mpondwe, sikupenda kungoja. Nilimkuta Bright akifuta ubao. Akaanza kunieleza, nikamkatiza: “Maelezo baadaye. Fungasha kwanza.” Mbele yangu hatagusa tena uso wa mtoto wa mtu. Nimesimamisha mazoezi yake na ripoti yangu iko kwa mkuu wa chuo.

“Mtoto hasikii.” Kambini nilikuwa nalisikia neno hilo kabla ya kila kiboko. Najua linakotoka na najua linakokwenda.

Mpe Jeanine salamu zangu. Mwambie kuna mzee Kasese anayemtetea.

Olanya


Bwera, 14 Aprili 2015

Mwalimu Olanya,

Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia. Mwanzoni ni kwa sababu mambo hayakuwa mazuri nami niliona aibu kukwambia, baada ya yote uliyonifanyia. Bright alipoondoka alikuja mwalimu wa hapa hapa, mama mzuri, Kikonzo kinamtoka kama maji. Jeanine akarudi nyuma kwa wenzake wa Beni. Siku ya tatu akagoma kuingia darasani. Alikuwa anakaa kwenye lango akitazama barabara, mkoba mapajani. Nilimuuliza anamngoja nani. Akasema, “Ticha.”

Nikaona, mtoto wa watu, hata aliyemtesa anamkumbuka.

Ijumaa iliyopita nilikwenda naye sokoni. Unaijua foleni ya malori kabla ya forodha. Nilikuwa napatana bei ya dagaa na Tabisa, jirani yangu, Jeanine yuko nyuma kidogo amechuchumaa barabarani anaokota vifuniko vya soda. Lori likaanza kurudi nyuma. Utingo alipiga bodi, dereva akapiga honi, mimi nikaita “Jeanine!” kwa sauti iliyowageuza watu wote wa foleni, Waganda na Wakongomani. Watu wote waligeuka, Mwalimu. Yeye hakugeuka. Aliendelea kuokota vifuniko. Tabisa ndiye aliyeruka akamvuta kwa gauni, na dagaa zote zikamwagika.

Tulipofika nyumbani nilisimama nyuma yake akichambua maharage. Nikadondosha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu. Kuku walikimbia mpaka nje ya ua. Jeanine alitoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni, akaendelea.

Nikazunguka mbele yake. Nilitaka aone ninachosema, na yeye alikuwa ameinamia ungo, kwa hiyo nikanyoosha mkono. Mkono ulipofika chini ya kidevu chake nikauona. Ulikuwa umekaa vile vile kama wa Bright. Nikasema, “Unanisikia?” Alinitazama mdomo, hakunitazama macho, akajibu, “Kidogo, Mama. Huku.” Akagusa sikio la kushoto.

Miezi minne ninalala naye chumba kimoja. Kumbe alipokuwa ananikodolea macho alikuwa ananisoma mdomo, na mimi nikasema ni huzuni.

Na Ticha alituambia. Alihangaika akalipata neno, tena kwa Kiswahili, na neno lilikuwa sahihi. Haisikii! Mimi na wewe tunaojivunia Kiswahili tukalisikia vingine, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na lake rohoni. Mimi nilisikia mtu anayemtukana yatima. Wewe ulisikia viboko vya kambini.

Tumemkosea kijana yule. Yuko wapi?

Elise


Kasese, 20 Aprili 2015

Madamu Elise,

Nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa. Kesho yake asubuhi nilikwenda Hima.

Nilimkuta Bright anaosha malori kwenye gereji ya mjomba wake, mweupe kwa vumbi la saruji mpaka kope. Aliponiona akazima maji akasimama wima kama kuruta. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, ikanipotea.

Nikamuuliza, “Kwa nini hukunieleza kwamba mtoto ni kiziwi?”

“Nilianza, Mwalimu. Ukasema maelezo baadaye.”

“Na baadaye?”

“Baadaye haikufika.”

Alisema hivyo bila ubishi, ndipo iliponichoma zaidi. Miaka tisa nawafundisha vijana kwamba kila mtoto asikilizwe kwa lugha yake. Huyu tulikuwa na lugha moja, Kiingereza, tena kizuri, nami sikumpa hata dakika ya kuitumia.

Tulipokuwa tunaongea akatoka ndani mwanamke mwenye umri kama wa miaka thelathini, amebeba nguo za kuanika. Ni dada yake, Feresita. Hasikii tangu utotoni. Wakasemezana kwa mikono, haraka haraka, wakanitazama, wakaangua kicheko. Sikuhitaji mkalimani kujua anayechekwa ni nani.

Bright anasema alimtilia shaka Jeanine siku ya pili tu. Zile sauti za ghafla nyuma yake alikuwa anapima sikio lipi limebaki na uhai. Alijaribu kumweleza mwalimu mkuu, akaambiwa asubiri mkufunzi wake. Mkufunzi wake ndiye mimi.

Sasa habari mbaya. Nimemwendea mkuu wa chuo, nimefuta ripoti yangu na kuandika kwamba kosa ni langu. Ameikubali. Lakini muda wa mazoezi umepita. Bright atayaanza upya Mei, na atahitimu mwaka mmoja baada ya wenzake. Nilibishana, nikagonga meza, sikupata kitu. Nilimuuliza anataka kupangiwa wapi safari hii, shule yoyote atakayoitaja. Akasema Bwera, kama yule mama atamtaka.

Mimi sikujibu kwa niaba yako.

Olanya


Hima, 26 Aprili 2015

Madamu Elise,

Mimi Bright. Hii naandika mwenyewe. Mwalimu Olanya alitaka kusaidia, nikakataa. Ukiona makosa, cheka tu.

Mimi sina hasira na wewe. Mtu akishika mtoto ya dada yangu kidevu, hata mimi napigana. Mama yetu alikuwa anashika Feresita hivi, pole pole, ndio aone mdomo. Mimi nilikua naona hiyo kila siku. Nikasahau kwamba watu wengine hawajaona. Ilifaa kwanza kuuliza wewe, hata kwa kuchora.

Sasa habari ya mtoto. Usiongee naye ukiwa nyuma. Usisimame na dirisha mgongoni, mdomo inakuwa giza. Usipige kelele, kelele inaharibu mdomo. Ile kelele yangu ilikuwa ya kupima tu na najua ilikuogopesha. Sikio ya kushoto iko na kidogo, kwa hiyo akae mbele, kulia kwa darasa, ndio sauti iingie hiyo sikio. Ukibadilisha habari, mguse bega kwanza.

Na yeye si mjinga. Hesabu anashinda wote, ila hakuna mtu anauliza kwa njia anaona.

Term ikianza nataka kurudi. Ukikataa ni sawa pia.

Bright


Bwera, 29 Aprili 2015

Mwalimu Olanya,

Mwambie Bright aje. Mwambie pia nilicheka mara mbili, na mara nyingine sikucheka.

Elise


Bwera, 28 Juni 2015

Mwalimu Olanya mpendwa,

Daktari wa masikio alipokuja Kasese tulimpeleka Jeanine. Sikio la kulia limekufa. La kushoto limebaki na kidogo, na hajui kama hicho kidogo kitadumu. Chanzo ni mlipuko. Aliposema hivyo nilijikuta nafurahi na kulia pamoja. Nilifurahi kwa sababu ubongo wake ni mzima na huzuni yake ni huzuni ya kawaida ya mtoto aliyefiwa. Nililia kwa sababu alikuwa anapenda kuimba.

Bright alirudi siku ya kwanza ya muhula. Mimi nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, hata nikamtafuta mtu wa kunifundisha kwa Kiingereza. Hayakupata nafasi. Jeanine alimwona kutoka langoni, akakimbia, akasimama mbele yake, akainua kidevu mwenyewe. Bright alinitazama kwanza. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumamosi moja akamleta dada yake. Nataka nikueleze hili vizuri, maana ndilo lililobadilisha kila kitu. Feresita alikaa jikoni kwangu, akala, akalalamika kwa uso wote kwamba mboga haina chumvi, akagombana na Bright kwa mikono, akamshinda. Jeanine hakuondoa macho. Hakuwa amewahi kuona mtu mzima asiyesikia. Nadhani alikuwa anadhani wanaokuwa hivyo hufa wakiwa wadogo, au hufichwa. Na huyu hapa ana mume, ana hereni, anacheka mpaka anashika mbavu. Jioni Jeanine aliniuliza, “Mama, naye alikuwa mutoto?” Nikamwambia ndiyo.

Feresita ametufundisha ishara. Bright anazitumia darasani kwa wote, pamoja na Kikonzo na Kiswahili. Darasa lilikuwa soko, sasa unaweza kusikia mvua ikianza kunyesha. Wazazi wengine walikuja kulalamika kwa mwalimu mkuu. Baba mmoja alisema, “Tumewaleta watoto wasome Kiingereza, nyinyi mnawafundisha kuchezesha mikono kama wanafukuza nzi.” Maneno yalikuwa makali, wengine wakasema ni Wakongomani wanaoleta haya. Tabisa, ambaye mwanawe yuko humo, akasimama. “Wangu amejifunza kuongea bila kupiga kelele,” akasema. “Nyumbani kwangu huo ni muujiza. Mnyamaze.” Watu wakacheka, hasira ikapungua. Haikuisha. Wawili wamehamisha watoto wao.

Elise


Kasese, 6 Julai 2015

Madamu Elise,

Wanafunzi wangu walikuwa wanauliza kila wiki habari za yule mtoto anayenyamaza. Ijumaa niliwaeleza yote, na sehemu yangu nikaieleza bila kuipunguza. Kisha yule msichana aliyelia mwezi wa tatu akainua mkono akauliza, “Mwalimu, tutajuaje basi, kama ni lugha au ni sikio au ni njaa?” Nilitaka kumpa jibu, maana kazi yangu ni majibu. Nikamwambia sijui, labda tuanze kwa kuuliza aliye karibu na mtoto, na tusubiri amalize sentensi yake.

Mkuu wa chuo amekubali uje Oktoba kuzungumza nao siku nzima. Kwa Kiswahili. Mimi nitatafsiri, na nitajitahidi nisiongeze amri. Cheti chako bado hawajakitambua, nimeandika tena, nitaandika tena.

Bright anaendeleaje?

Olanya


Bwera, 2 Agosti 2015

Mwalimu Olanya,

Nitakuja Oktoba. Nitamleta na Jeanine, kwa hiyo waambie wanafunzi wako wakae palipo na mwanga.

Unauliza habari za Bright. Amekonda, anafanya kazi nyingi mno, na wenzake wa mwaka wake watavaa majoho bila yeye. Siku barua ya mahafali ilipofika alifuta ubao uliokuwa tayari umefutwa. Hilo hatuwezi kumrudishia, wewe wala mimi, na nimeona afadhali tusijidanganye.

Lakini nikwambie la juzi. Mvua ilinyesha wakati wa mapumziko, watoto wakajibana kwenye veranda ya kwetu, yeye akakwama ng'ambo ya uwanja kwenye veranda ya ofisi. Mabati yalikuwa yanapiga kelele hata mtu wa karibu humsikii. Niliona ananitafuta kwa macho. Aliponipata akauliza kwa mikono, “Mtoto amekula?” Nikamjibu kwa mikono kwamba amekula, na kwamba chakula cha kwake nimekifunika. Akauliza ni nini. Nikamwambia maharage. Akafanya uso wa Feresita, kwamba je, safari hii yana chumvi? Nikacheka peke yangu kwenye kelele yote ile.

Halafu Jeanine akanivuta sketi. Alikuwa ametutazama wote wawili tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba alikuwa na ule uso wake wa kasuku.

“Mama,” akasema, “ile ya ‘nimekifunika’ umekosea.” Akanishika mikono yote miwili, akanionyesha inavyosemwa.

Elise